Madirisha Marefu ya Hospitali

Yaya Neema, dada yangu, amani iwe kwako na watoto.

Itazame picha hii niliyokutumia: hospitali kongwe ya hapa Sydney, kuta za mawe, madirisha marefu yaliyojengwa ili wagonjwa wapate hewa. Mama amelazwa humo kwa korona. Tumekatazwa kumuuguza, eti tutaleta ugonjwa!

Jana tulisimama chini ya madirisha hayo, tukamwimbia nyimbo zake za kwaya mpaka sauti zikatukauka. Dirisha likafunguka, karani akatupigia makofi. Akasema huko ni ofisi tu, wagonjwa wako jengo jipya la nyuma, vioo vyake havifunguki. Hewa yote wamepewa makarani! Nilitamani kurusha jiwe.

Jioni Mama akapiga simu: “Leo hamkuja?”

Wakumbatie wote huko, nyinyi mnaoruhusiwa.

Mdogo wako, Riziki