Sauti Nyuma ya Mlango Mwekundu

Jumapili jioni. Upepo umepuliza tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Nimepangusa meza mara tatu, na najua ninachofanya: nakwepa kuandika.

Niandike basi.

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumwagika mjini, baba yangu mdogo alikuwa fundi redio mtaani Kizota. Katika mzigo wa mitumba kutoka Japani alipata mashine ya gemu yenye kaseti moja tu. Akaiunga kwenye televisheni ya kuangalizia deki ya video, na mimi na mdogo wangu Zainabu tukawa tunahamia karakanani kwake kila tukitoka madrasa.

Sijawahi kupenda kitu vile. Hakukuwa na bunduki wala mbio za magari. Kulikuwa na babu mmoja mnene anayesukuma mitungi ndani ya nyumba ambayo sakafu yake inabomoka. Mitungi mitatu ya rangi moja ikikutana inapasuka, anatoka chura anacheka. Ukizubaa, babu anatumbukia. Unafikiri huku unakimbia, na kwa kuwa maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kila sheria tuliigundua wenyewe kwa kushindwa. Zainabu alikuwa na miaka minane, mimi kumi na miwili, na alinipita mbali. Wala hakuacha kunitambia.

Ila kulikuwa na mlango mwekundu. Mtungi ukiugusa, taa za nyumba ile zinazimika na sauti ya mwanamke inauliza kutoka ndani: "Nani?"

Kisha kimya. Tukibonyeza chochote, babu anatumbukia.

Kwetu lilikuwa swali la Kiswahili safi. Hatukujiuliza limefikaje Japani; tulichoogopa ni kulijibu. Nyumbani tulikatazwa kuitikia sauti ya mtu tusiyemwona, na kumtajia jina ndiyo kabisa.

Mimi ndiye niliyemwambia Zainabu ajibu. Nilijifanya natania, lakini nilitaka sana kujua kilichoko nyuma ya ule mlango. Akasogeza mdomo karibu na kioo, akasema, "Mimi, Zainabu."

Mlango ukafunguka.

Leo najua ungefunguka tu. Tulikuwa hatujawahi kungoja bila kubonyeza kitu. Lakini siku ile tulirukaruka mpaka baba mdogo akatufokea, na kuanzia hapo kila tulipofika mlangoni nilimsukuma Zainabu mbele, naye akataja jina lake bila wasiwasi.

Wiki haikuisha akashikwa na homa. Siku ya tatu, kitandani hospitalini, macho ameyafumba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi, Zainabu." Mama akaniuliza mdogo wangu anaongea na nani. Nikasema sijui. Kesho yake tulimzika.

Nimesoma, nimeolewa, nimezaa. Mpaka leo mtu akigonga siwezi kuuliza "nani?" Nafungua tu. Mume wangu anasema iko siku nitamkaribisha jambazi na kumwandalia chai.

Sasa, juzi Ijumaa. Ofisini kwetu Chamwino yupo mtaalamu wa mifugo, dada wa Kijapani anayejifunza Kiswahili. Wakati wa chakula alinyooshea kidole bakuli la mlenda akauliza, "Huyu nani?" Watu wakacheka mpaka machozi. Naye akacheka, akaeleza kwamba kwao neno "nani" maana yake ni "nini", ndiyo maana linamponyoka.

Niliacha sahani yangu nikatoka nje. Nililia nyuma ya gari la ofisi.

Kwa hiyo ile sauti haikutaka jina la mtu. Ilishtuka tu kwa kishindo cha mtungi, ikauliza kuna nini. Miaka yote hii.

Leo nimekwenda kwa mama kumwambia. Nilimkuta akikunja nguo alizoanua kabla vumbi halijazichafua. Nikamwamkia, nikaanza na maana ya Kijapani, nikiitanguliza kama kinga. Kisha nikasema yote, hadi ile "sijui" ya hospitalini. Nilipomaliza akaniuliza:

"Na wewe, ulijibu hata mara moja?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Akanipa ncha mbili za shuka nimsaidie kukunja. Tukakunja. Sikuthubutu kumwangalia.

Nimerudi nyumbani na maana mpya ya lile neno, na haijanisaidia kitu. Siku ile sikujua Kijapani. Nilijua Kiswahili. Nilisikia "nani", nikaogopa, na nikamtanguliza mdogo wangu.