Lori la Mjomba Ndani ya Ndiva

Bi Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu Ruthi ninayelala naye kitanda kimoja: siku lori la mjomba Fanueli lilipotumbukia kwenye ndiva, nilikuwa nimekaa mbele, pembeni yake, na sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe.

Mimi ni msichana wa darasa la nane hapa Myamba, mtu wa vitabu, nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja natetemeka. Siku hiyo baragumu lililia asubuhi kuita msaragambo, kazi yetu ya pamoja, tukatoka kijiji kizima kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na mjomba akatubebea mawe ya ukingo kwa lori lake bila malipo, na kwa desturi yetu aliyefanya kazi kubwa ndiye hupokea kibuyu cha kwanza cha dengelua, basi wazee wakampa pombe hiyo ya miwa, na kila alipoteremsha mawe mengine wakasema hiyo nayo ni kazi kubwa, wakampa tena, naye mjomba hajui kumkatalia mzee. Kazi ilipokwisha akaniambia, "Panda, mpwa wangu, leo uone dunia kutoka juu!" nikapanda, akaanza wimbo wa kanisani, nami nikaimba kwa sauti, mimi! na kwenye kona badala ya kukata tukaenda moja kwa moja, taratibu kabisa, kama ng'ombe anayekwenda kunywa, mpaka majini. Niliruka kwenye tope nikajichanganya na waliokuja mbio. Hakuna aliyeumia, ila askari Omari alikuwa akipita na baiskeli, akalowa mpaka kofia.

"Umelewa, Fanueli!"

"Mimi, bwana askari? Tazama mwenyewe. Anayekunywa ni lori."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, lakini askari hakucheka, na sasa mjomba ameitwa Same mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya anayehukumu kesi, kwa shtaka la kuendesha gari akiwa amelewa, na wanasema atanyang'anywa leseni, na bila leseni hiyo kahawa na ndizi zetu zitashuka mlimani juu ya vichwa vya mama zetu, kwa hiyo babu Nathanaeli na wazee wameamua kwamba breki zilikatika, na shahidi niwe mimi, niseme nilisimama mbali nikaona, kwa sababu, babu alisema, "Huyu mtoto akisema mvua inakuja, hata jua likiwaka watu wataanua nguo." Bi Mshauri, nitashika Biblia! Nikisema kweli namponza mjomba, nikisema uongo namkosea Mungu, na nikilikumbuka lile lori nacheka peke yangu katikati ya sala. Nifanye nini?

Mpenda Kusoma, Myamba

*

Mpenda Kusoma, marahaba. Nimecheka, nimefuta machozi, sasa nikugombeze.

Ulipanda gari la mtu uliyemwona akinywa. Mbele yenu kulikuwa na tope. Ingekuwa kona nyingine lingekuwa bonde, na wimbo ule wangewaimbia wengine, ninyi mmelala kimya. Usirudie.

Breki zilikatika! Wazee wako wanadhani serikali haina fundi? Atalala chini ya lori kidogo tu, atainuka aseme breki nzima, na hapo mjomba atakuwa mlevi na mwongo, nawe utakuwa na kesi yako mwenyewe.

Leseni si roho, mwanangu. Anaweza kutozwa faini, anaweza kuandikiwa kosa lake kwenye leseni, au isimamishwe kwa muda kisha arudishiwe. Aliyekiri, tena hakuumiza mtu, ana la kuombea huruma. Lakini asithubutu kushika usukani wakati leseni imesimamishwa; huyo anabisha hodi jela.

Nenda kwa mjomba mwenyewe, leo, umwambie hutasema habari ya breki. Kisha nenda kwa babu. Mwambie shikamoo, halafu mwambie hapana. Maneno hayo mawili yanakaa vizuri katika kinywa kimoja.

Na kibuyu? Bibi yangu alikuwa wa Usangi, kwenye milima hiyo hiyo yenu. Kwao nilimwona mgonjwa akipewa kibuyu cha heshima, akakigusa kwa midomo, akampa wa pembeni, na hakuna aliyekasirika. Dereva naye aguse, apitishe.

*

Bi Mshauri, nilifanya hivi. Nilimkuta mjomba akikwangua tope kwenye injini, nikamwambia siwezi kusema habari ya breki.

"Breki hizi?" akasema. "Nimezifunga kwa mikono yangu! Wakizisingizia nitawashtaki mimi." Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja mtu mmoja awakatalie wale wazee, nami nimfuate."

Nikaenda kwa babu, nikamwambia shikamoo, nikamwambia hapana, nikamwambia nilikuwa ndani ya lori. La kwanza aliliitikia. La pili alilikohoa. La tatu lilimfanya acheke mpaka akatafuta fimbo yake aishike asianguke.

Huko Same mjomba alikiri. Alitozwa faini, na leseni imesimamishwa mpaka mvua za masika zipite. Lori analiendesha jirani yetu Gideoni, mwenye leseni yake, asiyekunywa hata togwa.

Baragumu lilipolia tena, mjomba alikuja kwa miguu, jembe begani. Wazee wakampa kibuyu cha kwanza. Wote wakanitazama mimi, maana nilikuwa nimewafikishia neno lako la kugusa na kupitisha. Mjomba akakinywa chote, akafuta mdomo, akasema, "Leo naendesha miguu."

Nikashuka naye kwenda nyumbani, tukiimba kwa sauti, na kwenye kona tulikata.