Alama Nilizowapa Wasichana wa Hebron

Jumatatu, 14 Januari 2019

Daktari wa moyo hakuzungusha maneno leo. Aliniuliza kama nina mipango ya Pasaka. Nikamwambia mimi ni Mbaptisti, mipango yangu ya Pasaka inajulikana tangu 1937. Hakucheka. Akaandika dawa nyingine. Nimeelewa — Pasaka sitaifikia.

Nyumbani nikakuta barua kutoka Chama cha Makocha wa Ushangiliaji, ule mchezo wa wasichana wa shule kupiga vibwagizo, kujenga piramidi kwa miili yao na kurushana hewani. Bahasha nene, herufi za dhahabu. Mwaka huu wanaanzisha tuzo mpya, itatolewa Jumamosi ya tarehe 26 kwenye mashindano ya kanda. Tuzo ya Arvetta Slone ya Uamuzi wa Haki. Nilicheka mpaka pumzi ikakata, ikabidi nifungue mtungi wa oksijeni. Miaka ishirini na miwili kocha, kumi na tisa jaji — haki!

Kuna jambo lazima nilitoe kifuani kabla kifua chenyewe hakijafungwa. Ndiyo maana ya daftari hili.

Jumanne, 15 Januari

Niandike wazi. Nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na minane wasizunguke mada.

Majaji wa kukodi kutoka mjini Lexington hawakupenda kupanda milima yetu wakati wa barafu. Kwa hiyo tulihukumiana wenyewe. Asubuhi zilicheza shule ndogo, na sisi makocha wa shule kubwa tukakaa mezani na kalamu. Mchana zikacheza timu zetu, na wale tuliotoka kuwahukumu wakakaa viti vilevile, bado vina joto letu. Aliyebuni utaratibu huo aliamini kwamba makocha ni malaika. Au alikuwa kocha.

Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake 'nipe alama'. Mungu apishe mbali! Tulikuwa wanawake wa kanisa. Tulikuwa na kifungua kinywa. Saa moja asubuhi, ukumbi wa chakula wa shule, kila kocha na bakuli lake lililofunikwa. Ukichota chakula cha mwenzako mara moja, ni adabu tu. Ukirudi mara ya pili, umemwahidi tisa kwa kumi. Ukimwomba akuandikie namna ya kukipika — tisa na nusu. Nimekula maboga ya kocha mwenzangu Imogene Fugate, yaliyoungua, miaka kumi na mmoja mfululizo. Timu yangu ilishinda saba kati ya hiyo.

Halafu ikaja 1986. Shule ya Hebron ilikuwa na kocha mpya, binti kutoka jimbo jirani la Ohio. Alileta donati za dukani, kwenye boksi. Akaziweka mezani, akatabasamu. Hakuna aliyegusa. Yeye naye hakula kitu. Alisema tumbo lake halipokei chakula asubuhi. Makocha wakatazamana kama ametukana. Juu ya kikombe chake Norvella Pratt, kocha wa Cane Fork, alikuwa ananitazama. Mchana Norvella angeihukumu timu yangu. Viazi vyake nilikuwa nimevirudia mara tatu.

Saa nne Hebron wakaingia. Msichana wao wa juu alikuwa Jolinda Ritchie, miaka kumi na saba. Alisimama kwenye kilele cha piramidi kwa mguu mmoja, ametulia, kana kwamba anasubiri mtu amletee chai. Wakamrusha, wakamdaka, wakamshusha. Safi. Sijaona tena kitu kama kile. Nikaandika: 'Msichana wa juu amegusa mkeka kwa mguu wakati wa kudakwa. Toa pointi tano kwenye jumla.'

Hakugusa.

Majaji wenzangu wanne hawakuona kitu, kwa kuwa hakikuwepo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa jaji mkuu, tena mwalimu wa Kilatini shuleni, na watu waliamini mwalimu wa Kilatini hadanganyi. Cane Fork wakashinda kwa pointi mbili. Chuo kilichokuwa kinamtaka Jolinda kikanyamaza. Kaunti nzima wakamwita Jolinda Mguu. Wengine wanamwita hivyo mpaka leo, na wala hawajui kwa nini.

Alhamisi, 17 Januari

Nimemwita Mchungaji Hobart. Kaja na mkate wa ndizi na uso wa mazishi. Nikamwambia nina dhambi. Akavuta kiti karibu — karibu sana. Nadhani alitarajia kusikia habari za mwanamume.

Nilipoanza kueleza karatasi za alama, nikaona anakata tamaa. Nilipotaja mwaka, akasimama.

'Elfu moja mia tisa themanini na sita? Cane Fork?'

'Ndiyo, Mchungaji.'

'Bi Arvetta, Darlene wangu alikuwa chini ya ile piramidi. Upande wa kushoto.'

Nilikuwa nimesahau! Mkewe. Anasema medali ipo sebuleni, juu ya picha ya harusi. Si kando. Juu.

Akanishika mkono, akafumba macho, akaniombea haraka haraka. Akasema Mungu amekwisha kunisamehe, tena zamani, faili limefungwa. Nikamuuliza: je, nimwombe radhi Jolinda? Akasema Maandiko hayamlazimishi mtu kuamsha yaliyolala. Nikamuuliza Maandiko yapi. Akatazama saa.

Mlangoni akageuka. 'Usimwambie Darlene.'

Mkate wa ndizi ni mkavu. Nimekula vipande viwili. Mazoea.

Ijumaa, 18 Januari

Norvella kapiga simu kabla sijampigia. Mchungaji ana mdomo mwepesi kuliko nilivyofikiri.

'Arvetta, umekunywa dawa zako?'

'Nimekunywa.'

'Basi kunywa nyingine. Unataka kutuvua nguo kanda nzima?'

Nikamwambia nataka kufa nikiwa msafi. Akasema angalia umri wako, mwenzangu, kufa tu kunatosha. Nikamwambia mguu wa yule mtoto haukugusa. Akasema najua haukugusa, nilikuwa nimesimama pembeni mwa mkeka, hatua nne! Miaka thelathini na mitatu sisi ni marafiki, tumezika waume watatu pamoja — wawili wake, mmoja wangu — na leo ndiyo ananiambia alijua.

'Mbona hukusema?'

'Niseme nini, bibi wewe? Nilikuwa nimeshinda!'

Kisha akalainika. Akaniambia kila kocha ana Hebron yake. Imogene aliwahi kutoa pointi kwa sababu ya utepe wa nywele uliopinda. Yeye mwenyewe Norvella aliihukumu timu moja huku miwani yake iko kwenye gari. Nikisema moja, watauliza la pili, na kabati lote la vikombe pale shuleni litauzwa kama chuma chakavu. 'Pokea tuzo yako, tabasamu, ufe kwa adabu.'

Nikamuuliza kama aliwahi kupenda mapishi yangu hata mara moja. Akasema maharage yangu hayakuwa mabaya.

Jumatatu, 21 Januari

Mwenyekiti mpya wa makocha kaja kunipiga picha ya kipeperushi. Kaylin Begley, miaka ishirini na tisa, meno mengi. Ananiita Bi Arvetta na kunisemesha kwa sauti kubwa kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Nikamuuliza nani anahukumu siku hizi.

'Makocha, Bi Arvetta! Lakini sasa tuna cheti. Mafunzo ya mtandaoni, dakika arobaini. Kuna moduli nzima ya maadili.'

'Na kifungua kinywa?'

Akaona haya kidogo. 'Tunakiita kikao cha uratibu.' Halafu akacheka. 'Ila watu hawana muda wa kupika. Tuna grupu la WhatsApp. Mtu akituma picha ya timu yake ukamwekea moyo, basi. Mioyo miwili…'

Nikasema usiniambie. Mioyo miwili ni tisa.

Akaniuliza nimejuaje.

Kisha akatoa lililomleta. Jaji mmoja kavunjika nyonga, wamebaki wanne, kanuni inataka watano. Je, ningekaa mezani Jumamosi, kwa heshima tu, kundi moja tu, shule ndogo, ambazo siku hizi zinacheza mchana? Watu wangefurahi sana. Nikauliza nani wamo. Akasoma orodha. Hebron — kocha, Jolinda Ritchie.

Sikujua kwamba amekuwa kocha. Nikasema nitakuja.

Jumatano, 23 Januari

Siku mbaya. Miguu imevimba kama mikate. Nimejaribu kumwandikia Jolinda barua. Nimesahihisha sarufi mara nne, kisha nikaona kila kosa nimelisahihisha isipokuwa langu. Nimeichana. Nitamwambia kwa mdomo.

Jumamosi, 26 Januari

Saa tano asubuhi. Chumba cha walimu, nyuma ya uwanja wa ndani. Wamenipa kiti chenye magurudumu na kipeperushi chenye uso wangu. Muziki unatikisa kuta. Norvella kapita, kanitazama, kaweka kidole mdomoni, kapita.

Nimemwomba Kaylin amwite Jolinda. Anakuja.

Saa sita na nusu. Nimemwambia.

Ni mwanamke mnene sasa, nywele fupi, filimbi shingoni. Alisimama, hakukaa. Nilisema yote, bila kuzunguka: donati, Norvella, pointi tano, mguu. Nilisema haukugusa. Nikalia — sikupanga kulia.

Hakulia yeye. Akaniuliza:

'Umemaliza, Mwalimu?'

'Nimemaliza.'

'Mama yangu alikufa mwaka 2004. Siku ya mwisho pale hospitali aliniambia: ungekiri tu, Jolinda, kwamba mguu uligusa, sote tungekusamehe. Nikakiri. Ili apumzike. Nilimdanganya mama yangu akiwa anakata roho, kwa ajili ya karatasi yako.'

Nikamwambia nitasimama leo mbele ya watu wote, kwenye kipaza sauti, wakati wa tuzo, niseme.

Hapo akakasirika kweli. Kwanza akafunga mlango.

'Thubutu! Halafu iweje? Wewe utajisikia mwepesi, utakufa vizuri, na mimi nitabaki hapa nina watoto kumi na mmoja na bodi ya shule inayotafuta sababu ya kutufuta. Wamesema tusipokuwa ndani ya wawili wa kwanza leo, Hebron haina timu tena. Ukivuruga mashindano haya, hakuna wa kwanza wala wa pili.'

'Basi unataka nini, mwanangu?'

'Ombi lako la msamaha nitalitundika wapi? Wasichana wangu wanaingia saa nane. Unakaa meza ipi?'

'Ya katikati.'

'Nipe tisa.'

Nikamuuliza kama ni wazuri. Akatazama filimbi yake kwa muda. Akasema wanajituma sana.

Akaondoka. Makocha wote husema hivyo kuhusu timu mbaya. Nilisema hivyo mwenyewe mwaka 1979.

Saa nane na robo. Mezani. Hebron wametoka sasa hivi. Naandika hapa kwanza. Karatasi ya alama iko kando, bado nyeupe.

Ni wabaya. Jolinda, wewe! Wanahesabu kwa sauti, midomo yote inaonekana — tano, sita, saba. Wawili waligeuka kulia wenzao walipogeuka kushoto. Mmoja alitabasamu kama anang'olewa jino. Piramidi iliyumba, msichana wa juu akapiga goti, akateremshwa kama gunia. Sita nukta nne. Si zaidi. Wastani wa timu zilizotangulia: Cane Fork, nzuri, nane na nusu. Ile ya pili, nane. Ya tatu, saba na nusu — watoto wa shule iliyo mbali kabisa huko juu, wana sare za kushona nyumbani, na wamefanya kazi kwelikweli. Hebron wakiwa wa pili, lazima wengine wasukumwe chini. Na hao hawana bibi aliyewakosea zamani.

Majaji wengine wanne wameshaandika. Hawafuniki hata karatasi zao. Nimechungulia: nane, nane na nusu, nane, saba na nusu. Jolinda katembea na simu yake wiki nzima, nadhani. Mioyo. Yangu ndiyo itakayoamua.

Mara moja tu maishani ningependa kuandika nilichokiona. Mara moja! Na Jolinda, aliyekaa mbele yangu, ng'ambo ya mkeka, amekunja mikono, hapepesi macho, ni mtu yuleyule mmoja duniani nisiyeweza kumwandikia hivyo.

Kaylin kaja kuchukua karatasi. Nimemwambia bado kidogo. Kasema chukua muda wako, Bi Arvetta, wewe ndiye mwenye tuzo.

Sauti. Walipiga kelele sana, hilo hakuna atakayelikataa. Kujituma — kuna kisanduku cha kujituma, pointi kumi, nani atapinga? Kugeuka upande mmoja: nilikuwa nafuta miwani wakati ule, siwezi kuwatoza watoto nisichokiona vizuri. Goti nalo. Kwa msichana mrefu hivyo, goti likikunjwa kidogo ni urembo. Na piramidi — kanuni haisemi isimame kwa muda gani. Inasema isimame. Ilisimama. Pumzi inakata, mtungi wa oksijeni nimeuacha chumba cha walimu, nimalize kwanza. Nilikuwa hapa hapa, meza ya katikati, nakumbuka vizuri kabisa, ilisi