Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Baba, wali umo kwenye sufuria ya umeme, supu ipashe moto. Pakiti ya kijani ya bisi juu ya kompyuta usiiguse! Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine isiyowekewa bisi za kijani hugoma, kama kwenye kiwanda chenu cha chipu za kompyuta, halafu jana ukaila yote. Leo asubuhi nikituma chaguo langu la chuo, skrini ikaganda. Nikakimbilia dukani, nikaweka pakiti mpya, kompyuta ikakubali.

Nimechagua ~~udaktari~~ uhandisi wa umeme. Haibadilishwi tena. Najua ulisema, "Chipu zimenizeesha mimi, zisikuguse wewe." Naogopa sura yako, Baba. Nimepanda treni kwenda kwa Bibi, Taichung. Ukikasirika, usije leo. Ukinisamehe, njoo na pakiti nyingine ya kijani, iwe yangu mwenyewe.

Binti yako, Pei-shan