Kwa Miguu ya Nani

Jumamosi, Kalinzi

Kwa miguu yake mwenyewe! Ndivyo walivyochonga kwenye lile jiwe, na mimi ndiye niliyesimama pale kilimani kuwatafsiria watu.

Mgeni mwenyewe ni mpole, sina ugomvi naye. Ni mjukuu wa yule Bwana Shauri aliyetawala huku enzi za Waingereza, na amekuja kumwekea babu yake kumbukumbu kwa sababu mzee huyo alipenda sana kupanda milima. Sawa. Lakini kilima chetu alikipanda amelala kwenye machela, na mmoja wa waliombeba ni baba yake Bibi yangu. Yule mzee alikufa na sugu begani. Bibi ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto.

Nilipomaliza kutafsiri, Bibi akapaza sauti: "Mwulize, kwa miguu ya nani?"

Mwenyekiti wa kijiji akaniwahi. "Mwalimu, usituharibie mgeni."

Mgeni akataka kujua bibi amesema nini. Nikamwambia amefurahi.

Amefurahi! Mdomo wangu huu...

Jioni nilimwomba Bibi radhi. Akaendelea kupepeta maharage yake. Nilidhani amenisusa.

"Ile sakafu waliyolijengea jiwe ni pana," akasema baadaye, bila kuniangalia. "Na jua la kule juu ni kali. Kesho tukaanike maharage."

Nikamwuliza gunia tutalipandishaje, pikipiki haifiki.

"Una mabega," akasema.