Bomba la Hewa Nililofunga Mwenyewe

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Mimi mzima, goti tu linasumbua. Shemeji yako anakusalimu.

Nimefunga bomba jipya la kuingiza hewa kwenye injini ya kigari changu. Nimetoa boksi la plastiki la chujio, nikaweka bomba la chuma na chujio la wazi, nikakaza klipu zote bila miwani. Nionyeshe mzee mwingine anayeweza! Ukikanyaga mafuta linanguruma, mtaa mzima unageuka.

Mwanangu, niliyemfundisha mimi kushika spana, akanipigia kelele mbele ya wateja wa gereji yetu, "Baba, unashindana na nani?"

Nikamjibu, "Na wewe, kobe."

Sababu sikumwambia. Wewe nakwambia. Masikio yamekufa, ndugu yangu. Miaka arobaini nimejua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu, leo naona midomo inacheza. Kwa bomba lile niliisikia injini tena, kwa mbali. Nilizunguka mtaa mara sita kama mwendawazimu.

Jana mwanangu akalitoa bomba, akarudisha boksi la zamani, eti majirani wanalalamika. Nikawasha gari. Nikaona kimya, nikadhani halijawaka, nikazungusha ufunguo tena. Kumbe lilikuwa limeshawaka; stata ikasaga meno, wateja wote wakaruka. Mimi nilisikia mtetemo mkononi tu.

Mwanangu akachomoa ufunguo wa gari, na wa gereji pia akauchukua. Akasema, "Mzee, kapumzike nyumbani." Hilo nililisoma mdomoni mwake, halikuhitaji sikio.

Usinipigie simu. Andika.

Kaka yako, fundi mpaka kesho