Yaya Hunywa Kwanza

Alhamisi. Ukungu wa Butembo haukuondoka hadi karibu saa nne, na mifupa yangu, iliyokulia joto la Beni, bado inalalamika baada ya miaka yote hii ya ukimbizi.

Damu imerudi chooni.

Utumbo wangu mpana huvimba na kuchubuka kwa ndani. Ugonjwa una jina refu la Kifaransa. Nimesoma kila nilichoweza kukipata juu yake, na wote walioandika wanakubaliana kwamba hauondoki: unalala, halafu unaamka. Mwaka ule vita vilipofunga barabara na vidonge vikakosekana mjini, aliyenishika mkono ni yaya Masika, dada yangu mkubwa.

Tulipokimbia shamba letu upande wa Oicha, huko Beni, watu walibeba magodoro na sufuria. Yaya alikata fimbo mbichi ya mubirizi, mti wetu wa dawa, akatembea nayo njia nzima. Tulipopata nyumba hapa Butembo, aliichomeka ardhini nyuma ya jiko, nayo ikatoa majani. Ni majani machungu kupita kiasi. Huyachemsha pamoja na majani ya mpera, huyachuja, huacha yapoe.

Halafu hunywa kwanza.

Kwetu, mwenye kupika dawa huonja mbele ya macho ya mgonjwa. Nilipokuwa mtoto ilikuwa heshima tu. Vita vilipotufundisha kuogopa hata kikombe cha jirani, ikawa dhamana kwamba hamna sumu. Wengine hugusisha midomo na kupitisha kikombe. Yaya humeza funda zima, akakunja uso, ndipo ananipa. Anasema mubirizi uliokua kwenye baridi hauna ukali uleule wa Oicha, na majani ya kiangazi si sawa na ya mvua, hivyo kila chungu lazima akijaribu upya. Mwanamke asiye na ugonjwa wowote wa tumbo, miaka yote hii anakunywa machungu kwa ajili ya tumbo langu.

Sidai kwamba kikombe kile kiliponya utumbo. Kilinituliza, nikaweza kula na kulala. Wakati ule hilo lilitosha kunibakiza hai.

Leo asubuhi alinikuta nimeketi, nimeshika tumbo.

“Paluku, iko damu tena?”

“Iko, yaya. Nyingi.”

Kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake. Alikinusa, akanitazama, akaenda akakimwaga chini ya mubirizi.

“Damu ya hivi, dawa hii hapana weza. Vaa viato, tunaenda kwa docteur.”

Nimewajua watu wa dawa, wa majani na wa sindano, ambao wangeniacha nife kuliko kumwaga kikombe chao. Njia nzima nilikuwa nikilifikiria hilo zaidi kuliko maumivu.

Hospitalini daktari alinipima, akasema nimefika kabla mambo hayajaharibika, na vidonge vipo. Yaya akachukua kimoja, akakigeuza kiganjani.

“Docteur, weye ulikwisha kumeza hii?”

“Mama, mimi siko mugonjwa.”

“Na mimi siko mugonjwa, lakini miaka yote niko nakunywa dawa ya huyu.”

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimweleza taratibu kwamba vidonge hivi ni vikali, havionjwi na mtu asiye mgonjwa. Akamuuliza ni majani gani, kiasi gani, mara ngapi, akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba kikombe kipumzike kwanza, ili ajue vidonge vinafanya nini.

“Kitapumuzika,” yaya akasema. “Lakini muti ule sitakata.”

Jioni hii alikaa mbele yangu, kidonge kikiwa kwenye kisahani. Niliona mkono wake ukikisogelea, ukarudi. Alihangaika. Hajawahi kunipa kitu cha kumeza bila yeye kutangulia, na sasa amekatazwa.

Mwishowe akachota maji kwenye kikombe kilekile. Akanywa nusu, macho yake yakiwa kwangu, akanipa nusu iliyobaki.

“Sasa meza.”

Nikameza. Kwa mazoea nikakunja uso, kana kwamba maji yale ni machungu, na yaya akacheka kwa mara ya kwanza leo.